Mapambo ya Nyumba Zetu: Yatoke Tabaka au Yatoke Dukani?

Mji wa Kisii unajengwa kwa kasi, na Nyamira inafuata nyuma yake. Nyumba ikishaezekwa na kupigwa plasta, huanza maswali ya ndani: kuta, dari, sakafu, mapazia, viti, taa. Siku hizi majibu mengi huja yakiwa yamekunjwa kwenye mabunda: karatasi za ukutani zenye picha za maporomoko ya maji, majani ya plastiki ya kuning'iniza, nyasi bandia za kutandika sebuleni. Watu wanaoshuka soko la Daraja Mbili siku za gulio, Jumatatu na Alhamisi, kununua ndizi na mitumba, wengi wao wana sebule inayongoja kupambwa, na vitu hivyo ndivyo wanavyoonyeshwa kwanza.

Wakati huo huo, kusini-magharibi mwa mji, watu wa Tabaka wanachimba na kuchonga jiwe la sabuni linalonunuliwa Nairobi, Mombasa, Ulaya na Marekani. Katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira penyewe, jiwe hilo halizidi kisanamu kimoja kilichosimama kabatini karibu na vyeti vya shule.

Hoja inayojadiliwa hapa ni hii: nyumba za Kisii na Nyamira zipambwe kwanza kwa vitu vya asili ya hapa, vilivyotengenezwa kwa kipimo cha nyumba yenyewe. Wasemaji wanne nimewatunga ili kila upande upate wa kuusimamia. Mpambaji ni binti anayepokea kazi za kupamba nyumba katika kaunti zote mbili. Mama anauza mapazia, mazulia na maua ya plastiki Daraja Mbili. Mchongaji ni mzee wa Tabaka. Mwalimu alifundisha sayansi, amestaafu, na anamalizia nyumba yake Nyamira. Ndiye mwenye mfuko, kwa hiyo ndiye atakayeamua.

Dirisha lililozibwa

MPAMBAJI: Naanza na nyumba ya Mwalimu, kwa idhini yake. Nyumba iko kwenye mteremko. Ukisimama ukumbini unaona majani chai yanashuka mpaka bondeni na kupanda tena ng'ambo. Siku ya kwanza kuniita, aliniomba nitafute karatasi yenye picha ya msitu wa mianzi, ibandikwe ukuta mzima wa mashariki. Nilipoangalia ramani, nikaona ukuta huo ulichorewa dirisha kubwa. Fundi aliambiwa aliache ili pawe na mahali pa televisheni. Tumeziba chai halisi, kisha tunanunua picha ya mianzi ya Uchina. Hapo ndipo ninaposema mambo yamepinduka.

MWALIMU: Ni kweli, niliona dirisha linapoteza ukuta. Lakini niongeze jambo ninalolijua. Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani, Roger Ulrich, alichapisha utafiti wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya Pennsylvania. Wengine vitanda vyao vilitazama miti, wengine vilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi na walitumia dawa chache kali za maumivu. Kwa hiyo dirisha si pambo dogo.

MAMA: Dirisha sina ugomvi nalo, Mwalimu. Fungua. Ila msituuzie asili kana kwamba sisi hatukuishi ndani yake. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba ya udongo yenye paa la nyasi. Sakafu tuliipaka samadi ya ng'ombe kwa mkono, tena na tena, maana ilikuwa inapasuka. Mvua ikinyesha ukuta unadondoka vipande. Kiangazi kikiingia kuna vumbi, na ndani ya vumbi mna funza. Nimetoa funza kwenye vidole vya wadogo zangu kwa sindano. Mama zetu walipoona saruji na mabati walishukuru Mungu. Leo mtu aliyelelewa kwenye vigae anarudi kuniambia udongo una utulivu. Muulize kwanza ni nani ataufagia.

MPAMBAJI: Mama, sisemi turudi kwenye sakafu ya udongo. Vigae vibaki sakafuni.

MAMA: Basi sema hivyo tangu mwanzo, binti yangu. Na sema tena hili: ua la plastiki likishika vumbi nalitia kwenye beseni la sabuni, linatoka jipya. Zulia langu la nyuzi za viwandani linaoshwa, linaanikwa kwenye ua wa miti, jioni limerudi. Mwanamke anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni, apike, asimamie kazi za shule za watoto, hana saa ya kupaka nta jiwe.

Hoja hiyo haiwezi kupitwa haraka. Mazungumzo mengi ya mapambo huendeshwa na wenye kuagiza, wakati kazi ya kutunza humwangukia mtu asiyeulizwa. Ukuta wa mianzi una maungio mengi, na kila ungio hukusanya vumbi. Rafu ya mbao isiyopakwa kitu hunywa mafuta ya jikoni. Anayetaka kuleta asili ndani ya nyumba hana budi kujibu swali la ufagio kabla ya swali la uzuri.

Jiwe linavyofaa na lisipofaa

MCHONGAJI: Mimi nitaeleza jiwe, maana wengi wanalisifu bila kulijua. Likitoka shimoni lina unyevu, linakatika kwa panga. Tunalipasua, tunatoa umbo kwa patasi na kisu, halafu tunalilowesha na kulisugua kwa msasa: mkali kwanza, wa kati, kisha laini. Kusugua huko hufanywa sana na akina mama, beseni la maji likiwa mbele yao, na maji yanageuka meupe kama maziwa. Jiwe likikauka linaonekana limepauka, halina maana. Ukilipaka nta na kulifuta kwa kitambaa, ndipo rangi inatoka: waridi, manjano, kijivu, kahawia, na mishipa ambayo hata mimi niliyechonga sikujua imo. Huwezi kuagiza mishipa. Kila kipande kinakuja na yake.

MWALIMU: Na ni laini kwa sababu lina talki nyingi. Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kinachoanza 1 mpaka 10, talki ndiyo 1. Ukucha unaikwaruza.

MCHONGAJI: Ndiyo maana nawaambia wateja wasilitie sakafuni. Viti vitavutwa, mchanga utaingia kwenye viatu, na baada ya muda mfupi sakafu itakuwa na mistari. Lakini ukutani, nyuma ya sinki, kwenye fremu ya kioo, kwenye bakuli la kunawia mikono, kwenye kitako cha taa, hapo linakaa. Moto haulisumbui. Maji hayalisumbui. Likikwaruzika kidogo, msasa laini na nta vinalirudisha, jambo ambalo kigae kilichopasuka hakikupi.

MWALIMU: Watu hudhani ni jiwe la kuchongea vindege vya watalii tu. Sanamu ya Kristo Mkombozi kule Rio de Janeiro, yenye urefu wa mita 30, ilikamilika mwaka 1931, na ngozi yake ya nje ni vipande vidogo vya pembetatu vya jiwe la aina hii hii, jiwe la sabuni. Karibu miaka 100 linapigwa na mvua na upepo wa bahari juu ya mlima. Na kwetu hapa Elkana Ong'esa wa Tabaka amechonga makubwa ya kutosha kusimama makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Mwaka 2014 alikuwa Washington kwenye tamasha la Smithsonian, akichonga tembo mbele ya watu.

MCHONGAJI: Ong'esa ametufungulia njia. Lakini Paris ni mbali, mwalimu. Mimi nataka kuona jiwe langu nikienda kumsalimia shemeji yangu Keroka.

MPAMBAJI: Hapo mimi huwaonya wateja kuhusu uzito. Jiwe hili lina gramu 2.7 au zaidi kwa kila sentimita ya ujazo. Ubao wa sentimita 60 kwa 60, unene wa sentimita 2, unakaribia kilo 20. Ukiubandika kwenye ubao wa jipsamu, siku moja utashuka na jipsamu yake. Lazima ukuta uwe wa tofali au mawe, plasta ikwaruzwe ili gundi ishike, na ubao ukiwa mkubwa ushikiliwe na skrubu kwenye pembe. Au tukate vipande vidogo vya upana wa kiganja, tuvipange kimoja kimoja. Vipande vidogo ni vyepesi kubeba kwenye matatu, na kimoja kikiharibika hubadilishi ukuta mzima.

Mvua, koga na sufuria ya maua

MAMA: Tuzungumzie hali ya hewa basi. Kwetu mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Nilinunua kikapu kizuri cha kusuka nikakitundika ukutani chumba cha wageni. Nilipokitoa msimu wa masika ulipoisha, nyuma yake palikuwa peusi kwa koga. Maua yangu ya plastiki hayakupata koga.

MPAMBAJI: Kilitundikwa ukuta gani, Mama?

MAMA: Wa nje, unaopigwa na mvua.

MPAMBAJI: Hilo ni kosa la mpambaji, si la kikapu. Nyanda hizi hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Ukuta wa nje hubaki baridi na unyevu unajikusanya nyuma ya chochote kilichoushika. Vitu vya nyuzi na majani, kama ekee, kikapu ambacho wazee waliandalia ugali wa wimbi, au mikeka ya mafunjo kutoka ziwani, viende ukuta wa ndani unaogawa vyumba, tena viachiwe nafasi ya vidole viwili nyuma ili hewa ipite. Mianzi nayo, ukiitumia ikiwa mbichi, dumuzi wataitoboa kufuata wanga ulio ndani. Huvunwa ikiwa imekomaa, miaka mitatu hadi mitano, kisha inalowekwa kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki, halafu inakaushwa kivulini. Nani anayefanya hivyo? Wachache. Wengine wanauza mianzi iliyokatwa juzi, na mteja anapoona unga wa dumuzi sakafuni anasema asili haidumu.

MWALIMU: Na mimea ya ndani? Binti yangu aliye Nairobi amejaza sufuria za maua kwenye nyumba, anasema zinasafisha hewa.

MPAMBAJI: Azipende kwa uzuri wake. Madai ya kusafisha hewa yametokana sana na utafiti wa NASA wa mwaka 1989, ambao ulifanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa kabisa. Mwaka 2019 watafiti walizipitia tafiti za aina hiyo wakakuta kwamba, ili mimea ishindane na hewa inayoingia na kutoka kwenye nyumba ya kawaida, ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita mraba ya sakafu. Hapo hakuna pa kukanyaga. Fungua madirisha mawili yanayotazamana, asubuhi, na hewa itasafika. Mimea iwe michache, iwekwe panapofika mwanga, na isimwagiwe maji mpaka kisahani kifurike, kwa sababu kisahani chenye maji ni nyumba ya mbu.

MAMA: Hilo la mbu umelisema vizuri.

Shimo linalobaki Tabaka

MAMA: Sasa niulize swali zito. Mnaita hiki kitu cha asili, cha kulinda mazingira. Jiwe linatoka wapi? Linatoka shimoni. Mbao zinatoka wapi? Kwenye mti uliokatwa. Mimi naambiwa plastiki yangu inachafua dunia, na ni kweli inachafua, sikatai. Lakini ukiangalia mlima unavyoliwa, nani ametuambia jiwe halina gharama?

MCHONGAJI: Umeuliza la haki, omong'ina. Nimefanya kazi hii tangu ujana. Mashimo mengine yaliachwa wazi jiwe lilipokwisha, na mvua ikija yanajaa maji. Mtoto au ng'ombe akitumbukia ni msiba. Kingo za shimo lililochimbwa wima huporomoka zikilowa. Na vumbi: kukata jiwe kavu kwa mashine bila kufunika pua na mdomo kunajaza mapafu talki, na kikohozi chake hakiishi. Maji kwenye msasa ndiyo kinga yetu ya zamani. Kijana anayekimbizana na oda kubwa huyaacha maji, anashika grainda, anageuka mweupe kuanzia nywele mpaka kope.

MAMA: Na anayekimbizwa na oda hizo analipwa nini?

MCHONGAJI: Kidogo. Dalali anakuja anataka vindege mia vya namna moja, vya saizi moja, wiki ijayo. Ukikataa bei yake, jirani atakubali. Kitu kinapofika duka la mbali kimeongezwa bei mara nyingi, na aliyekichonga hajui hata nchi kilipokwenda.

MWALIMU: Kuhusu mbao nami nina wasiwasi. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.2 Kisii na zaidi ya 600,000 Nyamira, kwenye eneo dogo. Mashamba yamegawanywa mpaka mengine hayatoshi nyumba na mboga. Watu wamepanda mikaratusi kwa sababu inakua haraka na inalipa, mingine kando ya mito kabisa. Mwaka 2009 aliyekuwa waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, ikaondoa zuio hilo Julai 2023. Sasa nikiagiza meza ya mvule, mvule huo umekatwa wapi? Mara nyingi si hapa kabisa.

MPAMBAJI: Ndiyo maana mvule simshauri mtu. Mgrevilea uko kwenye mipaka ya mashamba yetu, hupandwa na hukatwa na mwenye shamba, na ukipasuliwa vizuri una mchoro wa vidoa mzuri sana, unaong'aa ukipigwa mwanga wa ubavuni. Mkaratusi ulio mbali na mto unafaa kwa nguzo na fremu. Mianzi ipandwe kingoni mwa mto badala ya mkaratusi, ishike udongo, na ivunwe bila kung'oa shina. Kwa jiwe, nakubaliana na Mama: nisinunue kwa mtu asiyejua lilichimbwa wapi. Nakwenda Tabaka mwenyewe, naangalia kama wanasugua kwa maji, naagiza kutoka kwa wanaofukia shimo walilolimaliza. Sina uwezo wa kulazimisha kaunti nzima, lakini oda yangu ninaweza kuichagulia mahali pa kwenda.

MCHONGAJI: Na kuna jambo lingine. Vipande tunavyotupa tukichonga mnyama mkubwa ni vingi mno. Masikio, pembe, mabaki ya kando. Kwa vindege havifai. Kwa vipande vyako vya kiganja, vya kupanga ukutani, vinafaa kabisa. Huhitaji kuchimba shimo jipya.

Nilipoandika sehemu hii niliona mjadala umepiga hatua. Oda ya nyumba ndogo, yenye vipande vidogo na rangi zilizochanganyika, inaweza kula mabaki ambayo oda ya kuuza nje huyaacha kwenye lundo. Kwa njia hiyo kupamba hapa hakushindani na kuuza kwa mbali. Kunatumia kinachobaki, na kumpa mchongaji mteja wa pili asiyetegemea msimu wa watalii.

Kipimo ni makubaliano

MWALIMU: Nieleweshwe hili la kipimo. Kwa nini nisinunue kilicho tayari?

MPAMBAJI: Mwalimu, nenda Lamu, mji wa kale ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001. Vyumba vya nyumba zile za mawe ni vyembamba na virefu. Sababu ni boriti za mikoko zinazobeba dari: mkoko haukupi nguzo ndefu iliyonyooka, kwa hiyo upana wa chumba ulifuata urefu wa mti. Kuta za chokaa na matumbawe zikachongwa vidaka vya kuweka vyombo na taa, ukuta wenyewe ukawa kabati. Mapambo yalitoka kwenye kazi. Hawakununua pambo likatafutiwa mahali. Nasi tungeweza kuuliza vivyo hivyo: jiwe letu linatupa ukubwa gani, mgrevilea unatupa ubao wa upana gani, mvua inataka nini, na mwenye nyumba ni mtu wa namna gani.

MAMA: Maneno mazuri, lakini mimi nimeona kipimo kinavyoishia. Unampa fundi malipo ya kwanza, anazima simu. Au analeta kabati la mita mbili kwenye ukuta wa mita moja na tisini, anaanza kukata ukuta. Dukani ninaona kitu, nakishika, nakilipia, naondoka nacho. Na mnamsahau mpangaji. Wengi wanaonunua kwangu wanaishi ploti ya chumba kimoja. Mwenye nyumba hataki hata msumari. Huyo mtampimia nini?

MPAMBAJI: Yote mawili ni kweli. La kwanza: karatasi ya makubaliano hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari, vipimo vimeandikwa na kupigwa sahihi, kipande cha mfano kimoja kikiletwa kwanza, na pesa zikitoka kwa awamu, ya mwisho baada ya kufungwa ukutani. Fundi anayekataa hayo, mwache. La pili: mpangaji apimiwe vitu vinavyohama naye. Taa ya kusimama yenye kitako cha jiwe. Kigoda. Ekee mbili juu ya meza, moja ya matunda na nyingine ya funguo na barua. Kizuizi cha mianzi cha kukunja, cha kutenga kitanda na meza ya kulia, kinachosimama bila msumari. Akihama anavikunja, anaviweka kwenye mkokoteni.

MCHONGAJI: Na kwangu mimi, mteja mwenye kipimo ana tofauti na dalali. Anakuja na karatasi iliyokatwa umbo la ukuta wake. Tunakaa, tunachagua jiwe pamoja kwenye lundo, namwambia hili lina ufa wa ndani, sikia linavyolia nikiligonga, chukua lile. Najua jina lake, anajua langu. Kazi ikiharibika anajua pa kunipata. Hilo linanifanya nisugue mara moja zaidi.

Uamuzi wa Mwalimu

MWALIMU: Nimesikia, na pesa zangu ni za kiinua mgongo, hazirudi. Naamua hivi. Dirisha la mashariki linafunguliwa, televisheni inahamia ukuta wa pembeni, tena itaonekana vizuri zaidi bila mwanga nyuma yake. Karatasi ya mianzi sinunui. Sakafu ni vigae, kama Mama alivyotaka, kwa sababu mke wangu magoti yanamsumbua na anataka kitu cha kupiga deki akiwa amesimama. Nyuma ya sinki ya kunawia na kwenye kidaka kimoja cha taa naweka vipande vya jiwe, vya mabaki, rangi mchanganyiko. Rafu za vitabu ni za mgrevilea, zipakwe vanishi ili zifutike kwa kitambaa. Mapazia na zulia nanunua kwa Mama, Daraja Mbili, lakini mapazia ya pamba nataka, yapitishe mwanga. Mimea ni miwili tu, kwenye baraza.

MAMA: Mapazia ya pamba ninayo. Na hiyo nyumba nitakuja kuiona.

MCHONGAJI: Mbuya mono, vizuri sana, mwalimu. Lete vipimo.

Upande ninaouunga mkono

Mimi naiunga mkono hoja, kwa sharti ambalo Mama amelileta na sharti ambalo Mchongaji amelileta. Naiunga mkono kwa sababu nchi hii ya vilima, yenye jiwe la rangi nyingi, migomba, chai na mvua nyingi, ina vitu vya kutosha kuzifanya nyumba zake zisifanane na chumba cha hoteli cha mji wowote. Picha ya maporomoko ya mbali ikiwa ukutani, mtoto wa Nyamira anakua akijifunza kwamba uzuri uko kwingine. Akiona jiwe la Tabaka nyuma ya sinki anayonawia kila siku, atajua uzuri umetoka kwa watu anaoweza kuwasalimia, na huenda siku moja akataka kujifunza kazi yao.

Sharti la Mama ni kwamba anayesafisha nyumba awe na sauti kabla ya kitu chochote kuagizwa. Mpambaji anayekuja na michoro aongee naye, mke au mume, binti au mfanyakazi wa nyumbani, amuulize atafikaje pale juu na kwa kitambaa gani. Pambo ambalo huyo hawezi kulitunza lisiingie, hata kama limetoka kwenye mti wa babu. Plastiki imeshinda katika nyumba nyingi kwa sababu ilimheshimu mtu huyu, wakati wapenda asili walimsahau.

Sharti la Mchongaji ni kwamba anayetengeneza ajulikane, alipwe bila kupitia mikono mingi, na asiugue wala asiache shimo wazi ili sebule ya mtu ipendeze. Serikali za kaunti zina kazi hapa: kusimamia ufukiaji wa machimbo yaliyokwisha, kuhimiza usuguaji wa kutumia maji na barakoa, na kulitumia jiwe la Tabaka katika ofisi, zahanati na shule zinazojengwa kwa kodi zetu. Hospitali ya kaunti ikiwa na ukuta wa jiwe la hapa kwenye chumba cha kungojea, watu wengi wataliona na kuligusa kuliko waliowahi kuingia duka la sanaa.

Na wewe unayemalizia nyumba, anza kwa kusimama katikati ya chumba kitupu kabla rangi haijapakwa. Angalia mwanga unaingilia wapi asubuhi, ukuta upi unalowa, na nani atapiga deki. Ukishajua hayo, chukua vipimo, panda gari la Tabaka, uchague jiwe kwa mkono wako. Mengine yanunue Daraja Mbili kwa moyo mweupe.